Mikono ya Munganga Magoti
Maisha ya Hippolyte Lukali, 1904–1958. Yamesomwa Lusangi siku ya mazishi yake, Jumamosi tarehe 16 Agosti 1958, na Mwalimu Sidonie, mdogo wa mjane Albertine.

Mheshimiwa padri, wafiwa, majirani, na ninyi mliosimama kule kwenye mihogo kana kwamba jeneza linauma: sogeeni, mpate kusikia. Kwa desturi, maisha ya marehemu husomwa na mtu wa damu yake. Ndugu wa damu waliombwa, wakasema koo zimewakauka. Koo hizo hizo tangu jana zinapitisha pombe bila taabu yoyote. Basi kazi imeangukia upande wa wakwe, na wakwe wataisema yote.

Hippolyte Lukali alizaliwa hapa Lusangi mwaka 1904, kama padri wa kwanza alivyokadiria alipombatiza. Baba yake, Mzee Lukali, alikuwa mkulima wa mpunga. Mama yake, Mama Faida, alitoka Wamaza, Mbangubangu kwa kabila, mwenye sauti ya kuitia watu kutoka ng'ambo ya mto. Alikuwa mtoto wao wa pili. Wa kwanza ni Mzee Marcellin, ambaye tunaye hapa, mstari wa mbele, kwenye kiti chenye mikono.

Hippolyte alikuwa angali mtoto vidole vya Mama Faida vilipoanza kuvimba kwenye viungo. Baadaye vikapinda, vikaelekea vyote upande wa kidole kidogo. Kijiji kikatazama, kikasema: ukoma. Hakuna aliyeuliza zaidi ya hapo. Alijengewa kibanda nyuma ya mashamba, na chakula chake kikawa kinawekwa kwenye jani juu ya kisiki, kisha mwenye kukileta anakimbia. Aliyekuwa akimpikia jana, leo anatema mate akipita. Hippolyte peke yake aliendelea kwenda, na kila alipomshika mama yake mkono, mama alipiga kelele, "Polepole, mutoto wangu, iko nauma!" Mwaka 1915 walikuja watu wa Serikali kukusanya wagonjwa, na kijiji kilimsukumia Mama Faida mbele kwa miti mirefu, maana hakuna aliyetaka kumgusa. Alikufa huko kambini, akazikwa huko huko, na hadi leo hakuna mtu wa ukoo huu anayeweza kuonyesha kaburi lake. Hayo hayakufanywa na wageni. Yalifanywa na babu zenu na baba zenu, na baadhi yenu mlikuwa mmeshika miti.

Hippolyte alisoma shule ya misheni Kasongo, akawa mtoto wa maswali mengi na viatu vichache. Mapadri walitaka awe katekista. Yeye alitaka uuguzi, na mwaka 1925 alikubaliwa katika shule ya wauguzi Stanleyville. Huko alimkuta daktari mmoja Mzungu, mzee mwenye mgongo mbovu, ambaye kwa sababu ya mgongo huo alikuwa amesoma maradhi ya viungo kuliko maradhi mengine yote. Siku moja daktari huyo aliwaweka wagonjwa wawili mbele ya darasa, wote wana vidole vilivyopinda. Akawafunga macho, akawagusa kwa sindano. Wa kwanza hakujua kama ameguswa. Wa pili aliruka. Daktari akasema: huyu wa kwanza ana ukoma, mkono wake umekufa ganzi. Huyu wa pili ana ugonjwa wa viungo, mkono wake unasikia kila kitu, na ndiyo taabu yake. Hippolyte alitoka nje, akashika ukuta, akatapika. Wenzake walidhani ni chakula. Miaka mingi baadaye alimwambia mke wake, "Albertine, mama yangu alikuwa analia nikimushika. Alikuwa analia! Na sisi wote tulisikia."

Alihitimu mwaka 1928, akapangiwa Kasongo, kisha mwaka 1934 akahamishiwa dispansari ya Wamaza, kwa wajomba zake, na hapo akakaa mpaka mwisho. Kwa cheo alikuwa muuguzi, na baadaye asistanti wa munganga, kwa kuwa nyakati hizi zetu haziruhusu mtu wa rangi yake kuitwa daktari. Lakini watu walitoka Kabambare kwa miguu, wengine wakibebwa mabegani kwenye tipoyi, kiti ambacho zamani kilibeba Wazungu tu, kuja kwa Munganga Magoti. Alitibu magoti ya wachimbaji, migongo ya wapagazi, nyonga za wazee, na mikono ya wanawake wa pamba. Hasa mikono ya wanawake wa pamba. Mnajua wenyewe pamba hii ya lazima inavyomfanya mtu: mvua isimame isisimame, mkono ufunguke usifunguke, kapulana, msimamizi wa pamba, anakuja na fimbo yake. Hippolyte alimwambia kapulana usoni, "Huyu mama hachumi pamba mwezi huu. Ukitaka ichumwe, mikono yako iko mizima, ingia shambani." Kwa maneno hayo aliitwa Kabambare kujieleza, zaidi ya mara moja, na zaidi ya mara moja alirudi akasema vilevile.

Kazi yake ilianza na salamu. Hakuwahi kumwuliza mgonjwa anaumwa wapi. Alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akatulia nao, akitafuta joto la kiungo, na watu wasiomjua walidhani anachumbia. Kisha akauliza swali lake moja: "Asubuhi ukiamuka, mukono unafunguka mbele ya moto kuwaka, ao nyuma?" Mama mmoja wa Kabambare akamjibu, "Munganga, moto unawaka, maji yanachemka, watoto wanakula wanaenda, mukono iko bado nalala." Hippolyte alicheka, lakini alikuwa amekwisha kujua ugonjwa. Alimpa vidonge vyake, mfuko wa mchanga wa kupasha moto, na vibao vya mianzi vilivyoviringishwa kitambaa, vya kulaza vidole wakati wa usingizi ili visizidi kupinda.

Na kwenye mfuko wa shati, pale ambapo wenzake waliosoma waliweka kalamu ya wino ili waonekane, yeye aliweka unyoya wa kuku na sindano. Alifunga macho ya kila aliyeletwa kwake kwa jina la mkoma. Wenye ukoma aliwatibu kama ukoma unavyotibiwa, bila kuwakimbia. Wenye viungo aliwarudisha kijijini yeye mwenyewe, akiwa amewashika mkono, akipita katikati ya watu ili waone. Yupo Mama Emilienne wa Wamaza, yule aliyekaa kwenye mkeka pale. Mume wake alikuwa amekwisha kutoa vyungu vyake nje na kuvivunja. Hippolyte alimrudisha, akaketi mlangoni, akaomba maji, akayanywa katika kikombe kimoja naye. Mume akaenda sokoni kununua vyungu vipya, na alinunua vizuri kuliko vya kwanza.

Alifundisha wauguzi wengi, na wengi walimwogopa. Sababu ni miguu. Mwanafunzi mpya hakugusa goti la mgonjwa kabla ya kuosha miguu ya wazee waliokuwa wakingoja barazani: miguu yenye funza, yenye nyufa, yenye mafuta ya mawese yaliyochacha na dawa za majani zilizooza juu ya ngozi. Alisimama nyuma yao akitazama nyuso zao. Ernestine, ambaye leo ni muuguzi wa wazazi, siku ya kwanza alikunja pua. Hippolyte akamwambia, "Binti, pua yako iko nasema. Huyu mzee ana macho, iko naisikia." Ernestine alilia nyuma ya dispansari, akarudi, akaosha. Mwenzake Ismaël, kijana Mwislamu kutoka Kabambare, alikuwa na tabia ya kushika wagonjwa kwa ncha za vidole viwili, kama mtu anayeokota mende. "Mukono muzima, Ismaël," aliambiwa asubuhi hadi jioni. "Mukono muzima, ao urudi kwa baba yako ukauze chumvi."

Alimwoa Albertine mwaka 1931, kanisani Kasongo. Hapa padri atatuvumilia, maana kuna habari ya mbuzi ambayo haiwezi kuachwa.

Ninyi nyote mnajua mkwe ni mkwe. Mwanamume hamtazami usoni mama wa mke wake. Akimwona njiani anaingia majanini mpaka apite. Kumgusa, hata kwa bahati mbaya, ni jambo la kuwatapisha wazee. Basi ndoa ilikuwa changa bado, na Mama Cécilia, mama yake Albertine, akavimba goti. Lilijaa maji hata hakuweza kwenda chooni bila kubebwa. Munganga wa karibu alikuwa ni nani? Ni mkwe wake. Walitundika mkeka katikati ya nyumba, mama upande mmoja, Hippolyte upande wa pili, na Albertine akawa anapita huku na huku.

"Mwambie mama akunje mguu."

"Mama anasema unakataa."

"Weka mukono juu ya goti. Iko moto?"

"Iko moto."

"Moto namna gani?"

"Kama sufuria."

"Sufuria ya kuchemsha, ao iliyotolewa motoni?"

Albertine aliwaza, akasema hajui, ni sufuria tu. Hippolyte akauvuta mkeka chini, akapiga magoti, akalishika goti la mama mkwe kwa mikono miwili. Wanawake waliokuwa mlangoni walipiga kelele, wakakimbia na habari. Aliyatoa yale maji kwa sindano, akalifunga, akaagiza mapumziko, akatoka nje akiwa ameinamisha kichwa.

Baraza la wazee likaketi siku ile ile. Aliyepaza sauti kuliko wote ni mkubwa wake, Marcellin. "Hippolyte, umeshika mukwe? Kesho utashika nini? Umetutia kinyaa ukoo muzima!" Akatozwa mbuzi. Hippolyte alileta mbuzi bila kubishana, wakamla wote, na Marcellin alikula paja. Mama Cécilia aliinuka, akatembea, na tangu siku hiyo wakarudi kwenye adabu yao: akimwona njiani, Hippolyte anaingia majanini, na mama anapita akitazama upande mwingine. Hawakugusana tena. Lakini kila msimu wa karanga Mama Cécilia alituma kikapu, na ujumbe wake ulikuwa ule ule: "Mwambieni munganga, goti linamusalimia."

Mungu aliwapa Hippolyte na Albertine watoto wawili waliokua, Emile na Safi. Nyumba yao Wamaza haikuwa kubwa, na daima palikuwa na mgonjwa amelala sebuleni. Albertine alilalamika, ni haki yake kulalamika. Alipika kwa watu asiowajua, akafua vitambaa vya vibao, akachoma mchanga kwenye kikaango chake cha samaki. Akimgombeza mumewe, jibu lilikuwa, "Mama Emile, huyu ni wa mwisho." Hakuna aliyekuwa wa mwisho.

Sasa tufike kwenye ugonjwa, na anayetaka kuondoka aondoke sasa.

Mwaka 1953, wakati wa mvua, Hippolyte aliamka, akajaribu kufunga vifungo vya shati, vikamshinda. Moto uliwaka, chai ikachemka, mkono bado umelala. Hakuhitaji kuambiwa. Alimwita Albertine, akampa mikono yote miwili, akamwambia, "Ni ya mama." Alikwenda Kasongo kuonana na daktari, na daktari akathibitisha: ni viungo, ndio ugonjwa ule ule. Hippolyte akarudi kazini. Vidole vilipoanza kupinda, hakuvificha. Kila asubuhi aliwaketisha wanafunzi, akawapa mikono yake waishike, mmoja baada ya mwingine. "Hapa iko moto. Hapa imepoa lakini imevimba. Bonyeza. Bonyeza, Ismaël, ukiniogopa hutajifunza kitu." Na jasho lilikuwa linamtoka.

Mwaka 1955 alipewa medali ya kazi ndefu. Mkubwa mmoja wa Serikali, mgeni, alikuja Kabambare, wakapangwa mstari. Alimfunga kila mtu medali, akamshika mkono. Alipofika kwa Hippolyte, akamfunga medali, akautazama ule mkono uliokuwa umenyooshwa, akaweka wa kwake mgongoni. Hippolyte alirudi nyumbani akasema, "Albertine, wamenipa chuma, wameninyima mukono." Albertine alikichukua kile chuma, akafungia mlango wa banda la kuku. Kiko pale hadi leo, na kinafanya kazi nzuri.

Lakini yule alikuwa mgeni, alikuja asubuhi, akaondoka jioni. Hatukumtegemea. Ninyi je? Ninyi ambao amewashika nyonga, viwiko, visigino, mlianzaje? Mlianza kwa kupunga. Mlikuwa mkimshika mkono kila siku, sasa mnapunga kutoka barabarani kama mtu anayefukuza nzi. Kisha kanisani, benchi lake likabaki na watu wawili, yeye na Albertine, na benchi la nyuma mmebanana kumi na mbuzi wenu. Hippolyte aliona, akasema ni kosa lake, hajawafundisha vizuri. Kwa hiyo Jumapili moja baada ya misa alileta kiti mbele ya kanisa la Wamaza. Akaketi, akafungwa macho kwa kitambaa cha Albertine, akatoa unyoya na sindano mfukoni. "Njooni. Kila mutu anayetaka. Guseni."

Walikuja, maana mchezo haukosi watu. Akaguswa kwa unyoya: "Kidole cha kati, mukono wa kushoto." Akaguswa kwa sindano: "Aï! Kidole gumba." Hakukosea hata kimoja. Watu walicheka, wakashangilia, wakapiga makofi, katekista akasema hakika huu si ukoma. Hippolyte akavua kitambaa, akasimama akiwa anatabasamu, akanyoosha mkono kuwaaga. Wakapunga. Wote, kuanzia katekista. Walikuwa wamecheka, walikuwa wameelewa, na bado wakapunga. Albertine alibeba kiti nyumbani.

Ukitaka kutapika, bado. Alipokuja hapa Lusangi kumwona mkubwa wake, palikuwa na kikombe cha bati kimetundikwa kwenye msumari nje ya nyumba ya Marcellin, kimepakwa rangi nyekundu. Hicho ndicho cha Hippolyte. Akiinuka kitini, mtoto anatumwa kusugua kiti kwa majivu, na wala hakusubiriwa afike njia kuu. Majivu! Na huyu Marcellin ndiye mwenye ugonjwa wa kidole kikubwa cha mguu, ule unaoletwa na nyama na pombe. Kila kilipowaka, Hippolyte aliitwa kutoka Wamaza, akaja kwa baiskeli, akapiga magoti mbele ya mguu huo mwekundu, unaong'aa, wenye harufu ya kiatu ambacho hakijavuliwa tangu Pasaka, akaushika kwa mkono mzima. Hakukunja pua. Hata mwaka jana, vidole vyake vikiwa haviwezi tena kushika kijiko, aliletwa na Ismaël kwa pikipiki ya misheni, akautibu mguu ule, kisha akanywa maji katika kikombe chekundu, akashukuru. Albertine alimwuliza kwa nini anakubali. Akasema, "Mguu wake unauma."

Inachefua. Hakuna neno lingine, na Mwalimu Sidonie anayesoma hapa amefundisha maneno miaka yote hii. Tumezoea kusema kinyaa ni cha vidonda, ni cha usaha. Hippolyte aliyajua hayo yote kwa mikono yake na hayakumfanya atapike. Kwa kinyaa alitapika siku moja tu, kule Stanleyville, na ninyi mnajua kwa sababu gani.

Vidonge alivyomeza kwa miaka mitano ili mikono iweze kufanya kazi vilimla tumbo. Alijua, aliwaonya wagonjwa wake, yeye mwenyewe akaendelea kumeza, kwani asubuhi watu walikuwa barazani. Mapema mwezi huu alianza kutapika damu. Ernestine na Ismaël walimlinda kwa zamu. Siku ya Alhamisi tarehe 14 Agosti, saa ya asubuhi ambapo kwa kawaida alikuwa akipasha mikono, alimwomba Albertine amshike. Albertine akamshika taratibu, kwa hofu ya kumwumiza. Akasema, "Mukono muzima, Mama Emile." Hakusema lingine, na kabla jua halijapanda alikuwa amekwenda.

Mwili uliletwa hapa Lusangi kwa kamyo, lori la mfanyabiashara, apate kulala kwa baba yake. Wanaume wa ukoo walitakiwa kuuosha. Wa kwanza alikuwa na homa, wa pili aliitwa na chifu, wa tatu hakuonekana kabisa. Ismaël, mtoto wa msikiti, alimwosha mwalimu wake Mkristo, akisaidiwa na Emile, na padri akasema ni sawa mbele ya Mungu. Wakamvika suti yake, wakamlaza uani juu ya kitanda, mikono kifuani.

Ndipo jana mchana Mzee Marcellin akaja na glavu. Glavu nyeupe za kitambaa, mpya, kutoka duka la Mreno. Akamwambia Albertine, "Shemeji, wageni watakuja, hata padri mukubwa. Tufunike hii mikono, watu wasione kinyaa."

"Kinyaa cha nani, yaya?" Albertine aliuliza, kwa jina la heshima la kaka mkubwa.

"Usinigombeze. Niko nalinda jina la ukoo."

Hakuzivisha mwenyewe, bila shaka. Alimpa Ismaël. Ismaël alijaribu kwa heshima ya mzee, kisha akasema vidole haviingii, vimepinda. Na Mzee Marcellin, mtoto wa Mama Faida, akasema maneno ambayo watu wote waliokuwa uani waliyasikia: "Vinyooshe kwa nguvu. Vunja kidogo. Hasikii tena."

Albertine alisimama pale akiwa ameshika nguo yake kifuani. Emile alikuwa ameinua mkono, sijui apige, sijui aombe.

Mama Cécilia alikuwa ameketi nyuma ya nyumba, mbali na mkwe wake, kama adabu inavyotaka hata mkwe akifa. Alisikia. Akachukua fimbo yake, akainuka juu ya goti lile lile, akazunguka nyumba. Wanawake wakapiga kelele, "Mama, ni mukwe wako! Mama, usifike!" Akafika. Watu walimpisha kwa woga. Akatoa glavu mikononi mwa Ismaël, akaziweka kwenye kiti cha Marcellin. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akauchukua mkono wa Hippolyte kwa mikono yake miwili, mkono mzima, akautia mapajani mwake. Kwa mara ya kwanza maishani alimtazama usoni.

"Munganga," akasema, "goti limekuja kukusalimia lenyewe."

Kisha akamgeukia Marcellin. "Mukitaka mbuzi, itisha wazee. Safari hii nitalipa mimi, na nitaleta mukubwa kuliko yule uliyemula paja."

Hakuna aliyeitisha wazee.

Hippolyte Lukali ameacha mke, Albertine. Watoto, Emile, mwalimu wa shule Kasongo, na Safi, aliyeolewa Kabambare. Na wajukuu ambao alikuwa akiwafundisha kusalimu. Ameacha wanafunzi, Ernestine na Ismaël na wenzao, walioko kwenye dispansari za nchi hii, wakishika watu. Ameacha Mama Emilienne na wote waliorudishwa makwao. Ameacha mkwe wake, Mama Cécilia, ambaye kwa desturi hangetajwa hapa. Yeye ndiye aliyeketi karibu na kichwa chake sasa, na hatahama. Ameacha pia kaka, Mzee Marcellin. Marcellin ameziweka glavu mfukoni, zinaonekana.

Jeneza halijapigiliwa. Albertine ameomba lisubiri, na padri amekubali. Mikono iko juu ya shuka, jinsi ilivyo. Atakayekuja kuaga hatapunga. Atashika, mkono mzima, halafu atapita. Asiyeweza, abaki pale pale kwenye mihogo, na jioni asije kula.

Mzee Marcellin, wewe ni mkubwa wake. Unaanza wewe.

Munganga, wewe pumzika kwa amani, mikono yako ikiwa wazi.